Maji Mkononi mwa Lipwata

Katika wilaya ile ya kusini karne haikupita. Kwingineko, tunavyosikia, karne hiyo ya misafara na magobori ilihesabiwa mwaka kwa mwaka mpaka ikatimia, ikafungwa mdomo kama gunia, watu wakaanza nyingine. Kule kusini ilipanda mlima pamoja na watu waliokuwa wakikimbia. Ilifika juu ikiwa imechoka kama wao, ikaketi, na haijainuka. Watu huizunguka wanapokwenda shambani. Watoto huzaliwa ndani yake, wakakua, wakaoa, na siku moja mmoja wao huambiwa kwamba yeye ndiye aliyeianza.

Mlima wenyewe hauna maji. Hilo lilijulikana tangu siku ya kwanza na ndilo lililowapendeza. Anayewinda watu hufuata mito, kwa kuwa watu hukaa kwenye mito. Basi hao wakaenda kukaa mahali ambapo mwindaji asingefikiria kutafuta. Walipanda miiba kuzunguka makazi yao, wakaacha lango moja, jembamba kiasi kwamba mtu hupita ubavu. Njia ya kushuka mtoni waliipinda makusudi ili mgeni apotee. Kila alfajiri wanawake hushuka na mitungi, na hurudi jua likiwa limekwisha kulegea. Ukiwauliza kwa nini hawahamii bondeni, watakujibu kwamba wavamizi wapo. Ukiwauliza wamewaona lini, watakutazama kwa huruma, kama unayetaka kujua Mungu ameonekana lini.

Sheria yao kubwa ilihusu majina. Jina la mmoja wa wale waliopanda mwanzo halikuruhusiwa kukaa tupu hata kutwa moja. Mwenye jina akifa, mtoto wa dada yake huketishwa kwenye mkeka, hupakwa unga kwenye paji la uso, huvishwa shuka ya marehemu, na watu humwambia: wewe ndiye. Tokea hapo anaposema "mimi" anasema habari za mambo yaliyotendeka kabla bibi yake hajazaliwa, wala hakuna anayecheka. Jina alilopewa na mama yake hunyamaziwa. Na undugu wake hupinduka wote: watoto wa marehemu humwita baba, wajukuu wa marehemu humwita babu, na mama yake mzazi, aliyekuwa dada wa marehemu, humwita kaka.

Mtu wa sura hii alikuwa Lipwata. Alikuwa wa ngapi, hawakuwa wakihesabu, maana kwao Lipwata ni mmoja. Siku ya pili baada ya kuketishwa mkekani alikwenda kumwamkia mama yake. Yule mama akasema, "Kaka, umeamkaje?" naye akageuka nyuma kutazama ni nani aliyeingia.

Mama yake alikuwa na jina la Nambecha, dada wa Lipwata wa kwanza. Kati ya majina hayo mawili kulikuwa na jambo, na jambo hilo lilisimuliwa kila baada ya mavuno, watu wameketi kwa mpangilio ule ule waliopandia mlima. Lipwata husimama kwanza.

"Mimi Lipwata nilifika kivukoni na watu wangu. Nyuma yetu vumbi la wavamizi. Mbele yetu msafara wa pembe na nta, na mwenye msafara ana magobori. Akaniambia, niachie mtu mmoja, nami nitawazuia hao mpaka mmalize kupanda. Nambecha alikuwa ameinama kunywa. Alikuwa na maji viganjani. Nikamshika mkono, maji yakamwagika. Nikampa. Tukapanda."

Watu husema, "Ndivyo." Kisha Nambecha husimama.

"Mimi Nambecha nilikwenda na msafara nikiwa nimefungwa shingoni, mpaka siku waliponifungua nichanje kuni, nikakimbia. Nilirudi peke yangu. Hakuna aliyeshuka kunitafuta. Langoni waliniambia nimekonda. Nikasema ni kweli. Kaka yangu akaniletea maji, nami nikamwambia: sinywi mkononi mwako."

"Ndivyo," watu husema tena, na pombe ya mtama hugawiwa.

Hivyo basi hakuna Nambecha aliyekunywa maji mkononi mwa Lipwata, na hakuna Lipwata aliyeshuka mtoni. Yule wa kwanza, kwa aibu ya kutokwenda kumtafuta dada yake, aliapa kwamba mguu wake hautapita tena lango lile. Kwa miaka mingi viapo hivi viwili vilikuwa vitu vyepesi. Kwenye arusi watoto walingoja kuona Nambecha akipitishiwa kata ya maji na Lipwata, aisogeze kwa kiwiko, impite, ndipo wacheke. Kukiri hakukuwa kumepungua katika nchi ile. Lipwata alikiri kila mavuno, kwa sauti nzuri, na watu walimsifu kwa sauti hiyo.

Ukaja mwaka ambao mvua haikuja, na mama yake akaugua.

Ilianza homa, ikafuata kifua, kisha nguvu zikamtoka mikononi. Aliyemwuguza ni jirani yake, Bi Likanga, mjane wa maneno makali na mwendo wa haraka. Yeye alisema kwamba mgonjwa huyu hahitaji dawa nyingi kama anavyohitaji maji, kidogo kidogo, kutwa nzima. Akikosa ya mchana, mvua zitakuja zisimkute. Lakini mto ulikuwa umekauka, maji yalichimbwa mchangani na kungojewa yajikusanye, na kila aliyeweza kubeba mtungi alishuka. Waliobaki juu mchana ni wale wasioweza kubeba chochote, hata kichwa cha mgonjwa. Wao, mlinzi asiyeruhusiwa kuacha lango, na Lipwata.

"Nimemnywesha ya asubuhi," Bi Likanga alisema siku moja akijifunga kanga ya kichwani. "Ya mchana atanyweshwa na nani, Mungu ndiye ajuaye."

"Mimi nipo."

"Upo, Lipwata. Ndiyo taabu yenyewe."

"Mwekee kata karibu na mkono."

"Jana nilimwekea. Nimerudi nimekuta sisimizi wameoga, yeye hana tone mdomoni. Hawezi kuiinua."

"Basi kaa wewe naye. Mtoni nishuke mimi."

Bi Likanga alimtazama, akatabasamu kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. "Shuka, bwana. Ukifika uwasalimu wavamizi." Akachukua mtungi mmoja kichwani na mwingine kwapani, akaenda zake.

Mchana Lipwata aliketi kando ya kitanda cha kamba. Nyumba ilikuwa na joto na harufu ya majani ya dawa. Alichota maji kidogo katika mtungi wa akiba, akashika kata kwa mikono miwili.

"Dada," alisema, kwa kuwa ndivyo alivyopaswa kumwita. "Kunywa."

"Weka hapo, kaka."

"Huwezi kuinua."

"Najua."

"Utakufa kwa kiu na maji yapo."

"Kule kivukoni pia yalikuwapo," mama yake alisema, bila hasira, kama anayemkumbusha mtu alikoweka kisu. Kisha akauliza, "Choroko zako za uani zimeota?"

"Zimeota chache."

"Uzipalilie mapema. Wewe huwa unachelewa."

Alijaribu kulowesha pembe ya kitambaa na kuisogeza kwenye midomo yake. Mama alifunga mdomo na kugeuza uso ukutani. "Hata kitambaa hicho umekishika kwa mkono ule ule," alisema.

Lipwata alitoka nje akaketi kwenye kivuli chembamba cha nyumba, akautazama mkono wake. Mkono huu, aliwaza, ulizaliwa juu ya mlima. Haujawahi kulowa maji ya mto yakiwa mtoni. Haujui kivuko kina upana gani. Na mkono huu ndio uliomshika dada kivukoni. Yote mawili ni kweli, nami ninayalisha yote mawili kwa ugali mmoja.

Hanichukii. Angenichukia ingekuwa rahisi, chuki huchoka. Huyu analinda. Akinywa leo, basi akina Nambecha wote waliosogeza kata kwa kiwiko walisogeza bure, na yule aliyekimbia na alama ya kamba shingoni alikimbia bure. Akinywa, kivuko kinakuwa hadithi. Asipokunywa, anakufa ili kivuko kiendelee kuwa kweli.

Na mimi? Mimi ninayeketi hapa, joto likinipanda mgongoni? Nani kati yetu anaona joto hili? Lipwata wa kivukoni ana mifupa wapi? Nilipovikwa shuka ile, yule aliyekuwa ndani ya ngozi hii kabla ya hapo alikwenda kukaa wapi? Sikumsikia akitoka.

Alipiga magoti hapo hapo kwenye majivu ya jana, akaomba. Alizoea kuomba kwa jina lake, kwa kuwa ndivyo wakubwa wa mlima walivyoomba, kila mmoja akijitambulisha kwanza kama anayebisha hodi. "Mungu," alisema, "anayekuomba ni Lipwata." Ombi halikuondoka. Lilikaa kifuani kama tonge lisilomezeka. Akaanza upya. "Mungu, anayekuomba ni yeyote yule aliyepiga magoti hapa. Wewe unamjua. Mama yangu ana kiu."

Hapo ndipo aliposikia alilosema. Hakusema dada.

Ifahamike kwamba katika nchi ile hakuna aliyewahi kuvua jina akiwa hai. Jina lilitoka kwa kifo. Lakini kulikuwa na kifo cha aina mbili. Kimoja ni cha mwili, tunachokijua sote. Cha pili kilikuwa cha lango. Tangu wakati wa misafara, mtu yeyote aliyekuwa nje ya miiba lango linapofungwa alihesabiwa amechukuliwa. Hawakumngoja, kwa kuwa waliowahi kungoja waliumia zaidi. Asubuhi yake walikata gogo la urefu wake, wakalifunga nguo aliyoiacha, wakalizika, wanawake wakanyoa nywele. Nambecha wa kwanza naye alizikiwa gogo. Aliporudi ilibidi waketishe mkekani mtu wa kupokea jina lake upya, na mtu huyo akawa yeye mwenyewe.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya miiba, Lipwata alivua shuka ya wakubwa, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kigoda chake cha uwanjani. Akajifunga kikoi cha zamani. Akaenda langoni.

Mlinzi wa lango alikuwa na jina la Mtopa, aliyelifunga lango mara ya kwanza. Alikuwa akimenya karanga.

"Karibu karanga, Lipwata."

"Ahsante. Napita."

"Unapita kwenda wapi? Huku ni nje."

"Nje ndiko ninakokwenda."

Mtopa aliendelea kumenya. "Lango linafungwa jua likigusa miiba. Sasa hivi tu."

"Ndiyo maana natoka sasa hivi."

"Una kiapo, bwana."

"Mwenye kiapo nimemwacha kwenye kigoda. Nimemkunja vizuri."

Mtopa alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole na hakuona haya kwa hilo. "Kazi niliyopewa ni kuzuia wanaoingia," alisema hatimaye. "Wanaotoka hawakutajwa. Nadhani hawakuwaza kwamba kuna mtu angetaka." Akapukuta maganda mapajani. "Utarudi?"

"Lipwata harudi."

"Mpwa wako Selemba, mtoto wa mdogo wake Nambecha, atafurahi. Amekuwa akijifunza ile simulizi kwa siri muda mrefu. Mbuzi wake wanaijua kwa moyo." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Mtu asiye na jina akifa, hakuna wa kumrithi. Anakwisha kabisa. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria."

"Na?"

"Linanitisha."

Mtopa alitikisa kichwa kama anayeridhika na jibu, akamsogelea akampa konzi ya karanga, na yule mtu akapita ubavu katikati ya miiba.

Kuanzia hapa sina namna ya kumwita. Nitasema yule mtu, na msomaji anivumilie, kwa kuwa hata yeye alikuwa katika hali hiyo hiyo.

Alishuka. Njia ilipindapinda ilivyopindwa, na mara mbili ilimrudisha alikotoka, kwa kuwa ilitengenezwa kumpoteza mgeni nayo ilikwisha kumtambua. Alipofika mtoni hakujua kwamba amefika. Alitarajia kitu kikubwa. Kwa miaka yote aliposimulia kivuko alinyoosha mikono, na watu nyuma walisimama kwenye vidole waone upana wake. Palikuwa na utepe wa mchanga mweupe ambao mbuzi angeuruka, na mashimo ya wanawake, na alama za vidole kwenye kingo za mashimo. Ng'ambo kulikuwa na mashamba. Mtu mmoja aliyekuwa akirudi kwake na jembe begani alimpungia mkono, akapita.

Aliketi pale kivukoni. Alitafuta mahali Nambecha aliposimama na hakupaona, mchanga hautunzi. Basi akapiga magoti akachimba kwa mikono. Alichimba mpaka mchanga ukawa baridi, ukawa na unyevu, mpaka maji yakaanza kutokea chini taratibu kama mtu anayekumbuka. Akaweka mkono wa kulia ndani yake. Alingoja aone litatokea nini. Mkono ukalowa.

Asubuhi, akiwa bado kando ya shimo lake, alisikia kilio kutoka juu. Sauti zilikuja na upepo zikaondoka na upepo. Walikuwa wakizika gogo. Alisikiliza kwa makini ajue wanamlilia nani, lakini kwa umbali ule majina hayafiki, kinachofika ni kilio tu, nacho kingeweza kuwa cha mtu yeyote. Akaona ni adabu na yeye alie kidogo. Akalia.

Jua lilipokuwa limepanda, wanawake walifika, vichwa vimenyolewa, vinang'aa. Msiba ulikuwa msiba, lakini kiu haikupewa likizo. Walimwona wote. Wakatazama pembeni, kila mmoja akaenda kwenye shimo lake. Bi Likanga peke yake alikuja moja kwa moja, mtungi kichwani, mtungi kwapani, akasimama mbele yake.

"Wewe mgeni," alisema.

"Naam."

"Naona una shimo limejaa na huna mtungi. Mimi nina mitungi na shimo langu limefukiwa na mchanga. Hukuzaliwa na watu, unakaa tu unaliangalia?"

"Chukua maji, mama."

"Nitachukua. Lakini nimefiwa, sina nguvu. Jaza mmoja unitangulie nao juu. Kuna mgonjwa."

Aliupokea mtungi, akaanza kuteka. "Pole kwa msiba," alisema.

"Tumeshapoa. Alikuwa mtu wa maneno mengi, kazi kidogo, na choroko zake majani matupu." Akautua mtungi wa pili mchangani. "Lakini tulimzoea."

Alipanda na mtungi begani. Safari hii njia haikumrudisha. Langoni Mtopa alikuwa amesimama na fimbo yake iliyokaa mkononi kama siku zote.

"Nani wewe?"

"Mgeni."

"Unatoka wapi?"

"Bondeni."

"Umewaona wavamizi?"

"Sikuwaona."

"Basi umepita upande wasiokuwapo," alisema Mtopa, akahama njiani. Yule mtu alipokuwa akipita ubavu, mtungi kifuani, Mtopa aliunyanyua mwiba mmoja kwa ncha ya fimbo usimkwaruze.

Katikati ya uwanja, kwenye kigoda, aliketi Selemba na shuka ya wakubwa, unga bado mbichi kwenye paji la uso wake. "Karibu, mgeni," aliita. "Mimi Lipwata nilifika kivukoni na watu wangu. Nyuma yetu vumbi la wavamizi." Alisema yote mpaka mwisho, kwa sauti nyembamba kidogo, na mahali pa kunyoosha mikono aliinyoosha zaidi ya ilivyohitajika. Yule mtu alisimama na mtungi wake akamsikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia akiwa nje yake. Aliona ni habari ya kusikitisha. Alimhurumia yule dada, na kwa mshangao akamhurumia na yule kaka, kijana wa mtu, vumbi nyuma na magobori mbele, asiyejua kwamba atasimuliwa.

"Ndivyo," alisema, kama ilivyo desturi, akaendelea na safari yake.

Nyumba ya mwisho mlango ulikuwa wazi.

"Hodi."

"Karibu." Sauti ilikuwa kavu kama ganda. "Nani?"

"Mgeni, mama. Napita tu. Nina maji."

Mgonjwa alikuwa amelala uso umeelekea ukutani, kichwa chake nacho kimenyolewa. Walikuja kumnyolea kitandani, kwa kuwa aliyezikwa alikuwa kaka yake. Polepole aligeuza uso. Macho yake yalikuwa mazima. Yalianzia kwenye kikoi, yakaja kwenye mtungi, yakapanda yakafika usoni, yakakaa hapo.

Hapa ndipo jambo lote lilipokuwa limening'inia. Angeweza kusema, kaka. Neno hilo moja lingemvika shuka tena, na kata ingebaki hewani mpaka mkono wake uchoke. Hakuna sheria ambayo ingemzuia. Yule mtu alisimama mlangoni, wala hakuomba, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuomba.

"Wageni wa siku hizi wana adabu," mama alisema. "Zamani walikuja mikono mitupu, wakaondoka na watu. Ingia."

Aliingia. Akamimina maji kwenye kata. Akapiga magoti kando ya kitanda, akapitisha mkono wa kushoto chini ya shingo yake, mahali palipokuwa moto kwa homa, na kwa mkono wa kulia akamsogezea kata mdomoni.

Mama akanywa.

Alikunywa kidogo, akapumzika, akanywa tena. Maji mengine yalipita pembeni mwa mdomo yakateremka kwenye mkono wa yule mtu mpaka kwenye kiwiko. Hakuna kilichoanguka. Mlima ulikuwa mahali pake. Nje Selemba alikuwa akimkaribisha mtu mwingine kwa simulizi ile ile.

"Yana mchanga," mama alisema.

"Nimechimba kwa mikono."

"Si mabaya." Alifumba macho, na yule mtu alidhani amelala, lakini hakuwa amelala. "Mgeni, unakwenda mbali?"

"Sijui bado."

"Nilikuwa na mwanangu," mama alisema. "Mmoja tu. Mzito wa kuamka asubuhi, lakini akiamka anacheka. Alikuwa akiogopa kuku. Siku moja jogoo alimfukuza mpaka juu ya kichuguu, akakaa huko akiniita, na mimi nilikuwa nacheka sana, sikuweza kwenda kumshusha. Nilipomshusha alinuna kutwa." Alipumua. "Baadaye walinichukulia. Hawakumpeleka mbali, walimpeleka kwenye kigoda pale uwanjani. Nilikuwa namwona kila siku. Lakini unajua, mgeni, mtu akiwa kwenye kigoda humwoni vizuri."

"Naam, mama."

"Ulikotoka hukumwona?"

"Sikumwona."

"Wewe unatembea. Huenda ukamwona. Ukimwona, mwambie hivi: niliyemnyima ni kaka yangu. Yeye sikumnyima kitu."

Yule mtu aliweka kata chini taratibu.

"Nitamwambia, mama."

"Usisahau."

"Sitasahau."

Hakuondoka. Alimimina kata nyingine, akaketi chini na mgongo wake ukiegemea kitanda, mchana ukiwa bado mrefu, na pale pale alipoketi akaanza kumtafuta mwana yule.